"Shida" Haikufa, Sisi Tumelala

Ndugu Waislamu, Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz na kisha Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Lakini wimbo wake "Shida" wangali wakiuimba, kutoka Morogoro mjini hata milimani Uluguru, watu wasiopata kumwona.

Wapo wasemao: ni shetani aliyewapambia. Jawabu jepesi mno hilo! Nyimbo ngapi za disko za miaka ile zilikuja kwa vishindo, na leo zimesahauliwa? Huu umedumu kwa sababu unaitaja taabu ya mtu kwa Kiswahili chake. Na mwenye dhiki humsikiliza amtajaye.

Nasi je? Sura ya Inshirah, yenye habari ya dhiki na faraja, watoto wetu waihifadhi chuoni kwa sauti nzuri. Wangapi wamefunuliwa maana yake? Na jirani aliyelala na njaa, nani kati yetu aliyempigia hodi?

Basi tusililaumu gitaa. Tuifasiri Qur'ani kwa lugha ya watu, kisha tumshike mkono mwenye shida. Wabillahi tawfiq.