Kawaida Gani Hiyo?

Tunafika kliniki ya saratani alfajiri, wengine tukiwa tumetoka Kigoma na Mtwara na kulala kwa ndugu hapa Dar es Salaam. Benchi letu mpaka saa sita. Ukiingia kwa daktari, hujamaliza hata habari ya vidonda vya mdomoni, unajibiwa: "Ni kawaida, mama." Kadi inaandikwa, anaitwa mwingine.

Kawaida gani hiyo? Mwenzetu alitundikiwa dripu ile nyekundu, doksorubisini. Alipokwenda haja ndogo akaona mkojo mwekundu, akajua anavuja damu. Mumewe akamkataza kurudi. Dawa ile hugeuza rangi ya mkojo siku moja au mbili, basi. Ilikuwa kazi kubwa kumwambia mapema?

Na yapo yasiyo ya kupuuzwa hata kidogo. Homa ikifika nyuzi 38 ukiwa kwenye kemo, unatakiwa kukimbilia hospitali usiku huohuo, kwa kuwa chembe nyeupe za damu zimeshuka, hasa wiki ya pili baada ya dripu. Sisi tunameza panadoli na kungoja tarehe ya kliniki. Wapo tuliowazika kabla ya tarehe hiyo.

Ganzi ya vidole inayoletwa na kemo tunaificha, tukihofu kukatishiwa dawa. Kumbe kipimo hupunguzwa, au tarehe husogezwa, na ganzi iliyoachwa ikakomaa huenda isiondoke. Fundi cherehani asiyeihisi sindano atakula nini? Mlonge nao tunakunywa kwa siri, maana ukitaja unafokewa, badala ya kuelezwa kama unagombana na dawa.

Linalotuuma zaidi ni la mionzi ya nyonga. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata zaidi wanawake wa nchi hii, na mionzi yake hukausha uke na kuukaza. Vilainishi vipo, vifaa vya kuutanua taratibu vipo. Lakini mama mtu mzima ataanzaje kumweleza kijana wa rika la mwanawe, mlango wazi, wanafunzi wamepanga mstari? Tunanyamaza, na ndoa zinavunjika.

Madaktari ni wachache, tunaliona hilo. Basi hata nesi mmoja aketi nasi faraghani kabla ya dripu ya kwanza, atuulize yeye, kwa Kiswahili, na kwenye kadi aandike namba ya simu inayopokelewa usiku.