Mcheza Kwao Tunamuua kwa Njaa

Nimechoka kusikia kwamba nchi hii haina muziki wa maana.

Nimechoka kuyasikia kwenye matatu. Nimechoka kuyasikia harusini. Nimechoka zaidi kuyasikia kutoka kwa watu wazima wenye mishahara yao ambao hawakumbuki ni lini walilipa kiingilio kumwona kijana wa Kenya akipiga chombo kwa mikono yake mwenyewe.

Eti siku hizi nyimbo zote ni za kusifu wanasiasa na kusifu makalio. Sawa, tukubali. Wale wanaoimba mengine umewapeleka wapi?

Leo nazungumzia bendi ya panki. Ndiyo, panki: gitaa moja, besi moja, ngoma, na kijana mmoja anayepaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Wimbo dakika mbili, umekwisha, unaanza mwingine. Usiufunge ukurasa huu kwa kuwa muziki wenyewe huupendi. Sikuombi uupende. Nataka uone jinsi tunavyowatesa watoto wetu, na unyamaze ukiweza.

Njoo nyuma ya gereji moja hapa Nairobi, mahali ambapo vijana wanne hufanya mazoezi. Chumba ni cha mabati. Ukutani wamegongomea magodoro makuukuu na trei za mayai ili majirani wasilalamike. Tasa la ngoma limepasuka ukingoni; wamelikata kwa msumeno palipopasuka na wanaendelea kulipiga. Kipande cha kupigia gitaa kimekatwa kutoka kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Jirani anayechomelea vyuma akiwasha mashine, spika inanguruma na mwimbaji hasikiki. Tokeni za stima zikiisha katikati ya wimbo, hakuna anayeuliza kulikoni. Mpiga ngoma anaendelea gizani, wenzake wanachanga shilingi hamsini hamsini.

Hao ndio unaowaita wavivu?

Siku ya shoo, makanga anataka ngoma kubwa ilipiwe nauli kama abiria. Wanalipa. Wanafika kwenye baa jioni, wanaunganisha nyaya wenyewe, wanapanga spika wenyewe. Mwenye baa amewaambia nini? "Njooni mpige, mtajulikana." Kujulikana! Usiku kucha anauza bia kwa watu walioletwa na bendi. Asubuhi anawapa soda nne na nauli ya watu wawili, na wao wako wanne.

Huyu mwenye baa anamlipa anayemuuzia bia. Anamlipa mlinzi. Anamlipa mchoma nyama. Kwa nini mwanamuziki peke yake ndiye alipwe kwa kujulikana? Mwenye nyumba anapokea kujulikana mwisho wa mwezi?

Na wakinusurika kwa mwenye baa, kuna kanjo mlangoni anayeuliza kibali cha kelele. Baa ya pili inapiga rekodi kwa sauti kubwa kuliko wao, wala hajaikaribia. Anawafuata wenye gitaa kwa sababu anajua hawana wa kumpigia simu. Anataka kitu kidogo, na kitu kidogo hicho kinatoka kwenye zile nauli za watu wawili.

Mkono mtupu haulambwi, tunasema. Lakini sisi twataka watoto hawa walambe mkono mtupu na washukuru.

Nawajua watakaonijibu: "Huo ni muziki wa Wazungu, waache wafe nao." Ujinga mtupu, na tumeubeba muda mrefu mno.

Detroit, Marekani, ndugu watatu Weusi wa familia ya Hackney walikuwa na bendi ya panki iliyoitwa Death. Walirekodi nyimbo zao mwaka 1975, kabla bendi ya panki ya Ramones haijatoa albamu yake ya kwanza. Mkubwa wa kampuni ya muziki aliwataka wabadilishe jina. Wakakataa. Mwaka 1976 wakachapisha sahani 500 kwa nguvu zao, na dunia ikawapita. Rekodi zile zilitolewa rasmi mwaka 2009, na kaka mkubwa, David, alikuwa kaburini tangu 2000. Sifa zilimkuta mfu.

Njoo karibu zaidi. Johannesburg, mwaka 1979, katikati ya ukaburu, ilizaliwa National Wake. Gary na Punka Khoza, ndugu wawili Weusi kutoka Soweto, walipiga panki iliyochanganyika na rege pamoja na Mzungu aitwaye Ivan Kadey. Sheria ilikataza watu wa rangi tofauti kuishi mtaa mmoja. Wao waliishi nyumba moja, kwenye mtaa uliotengewa Wazungu. Kupiga tu kwenye jukwaa moja kulikuwa ni kumtemea kaburu mate usoni. Polisi hawakuwapa usingizi. Albamu yao ya 1981 iliuzwa nakala mia kadhaa, kisha shinikizo la serikali likaiondoa sokoni. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika.

Sasa niambie: hawa walikuwa wanaiga nani? Kijana wa Soweto aliyekamata besi huku polisi wakimwinda, unamfundisha Uafrika wewe, uliyekaa kwenye kochi?

Na ubaya ni huu. National Wake waliangushwa na kaburu. Bendi za Nairobi zinaangushwa na sisi. Hakuna kaburu hapa. Ni mimi na wewe.

Crystal Axis, bendi ya hapa Nairobi, waliimba juu ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na damu aliyomwaga Kongo. Waliimba juu ya Nyayo House, lile jengo la katikati ya mji ambamo Wakenya waliteswa katika vyumba vya chini ya ardhi enzi za Rais Moi, wakisimamishwa ndani ya maji kwa sababu ya kusoma kijikaratasi au kukutana na rafiki asiyefaa. Ni wazazi wangapi wamewahi kuwasimulia watoto wao habari za vyumba vile? Shuleni wanafunzi hukariri tarehe za makongamano ya Uingereza. Vijana wenye magitaa ndio waliofanya kazi ya kutukumbusha, na sisi tukasema wanapiga kelele.

Duma, vijana wawili wa Nairobi wenye muziki mkali kuliko panki yenyewe, walitoa albamu mwaka 2020. Ilitolewa na Nyege Nyege Tapes, ya Kampala. Kampala! Uganda waliona. Ulaya waliona, wakawapandisha majukwaani. Sisi tuliolala nao mtaa mmoja tulikuwa wapi?

Mcheza kwao hutunzwa. Wahenga hawakusema mcheza kwao asubiri Wazungu wampigie makofi kwanza.

Halafu kuna uzushi wa shetani. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, ichunguze ibada ya shetani nchini. Tangu enzi zile kuna Wakenya ambao wakiona kijana mwenye fulana nyeusi na gitaa, wanaona pembe. Mama anamchomea mwanawe fulana. Mchungaji anamwombea hadharani mbele ya wenzake. Mtoto mwenyewe anaimba nini? Anaimba juu ya polisi aliyempiga rafiki yake. Anaimba juu ya kodi ya nyumba. Anaimba juu ya shahada aliyoipata na kazi asiyoipata. Shetani yuko wapi hapo? Kama unamtafuta kwa dhati, mtafute kwa yule anayeleta mamilioni ya pesa za wizi kwenye harambee, mkampa kiti cha mbele na maiki.

Unajua bendi hufa vipi? Haifi kwa kishindo. Mpiga besi anapata kibarua cha usiku, mazoezi yanakuwa mara moja kwa mwezi. Mpiga gitaa mama yake anaugua, gitaa linauzwa. Mpiga ngoma ananunua bodaboda kwa mkopo na hana tena Jumamosi. Mwimbaji anabaki na daftari la nyimbo. Ana miaka ishirini na mitatu na tayari anazungumza kama mstaafu.

Sisi tunasema, "Si niliwaambia?" Hukuwaambia kitu. Uliwanyima shilingi mia tano.

Kuna wakati Joseph Kamaru aliimba juu ya kuuawa kwa mwanasiasa J. M. Kariuki, mwaka 1975, na redio ya taifa ikaupiga wimbo marufuku. Serikali ile ilimwogopa mwenye gitaa. Leo haihitaji kumpiga marufuku mtu. Inatuachia sisi tu, maana tutamnyima chakula mpaka anyamaze mwenyewe. Kazi ya bure tunawafanyia!

Juni 2024 vijana walijaza barabara kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 wakaingia Bungeni. Wapo waliopigwa risasi, na wapo wazazi waliozika. Wazee wakashika vichwa: hasira hii imetoka wapi? Ilikuwa imeimbwa miaka yote. Iliimbwa nyuma ya gereji, iliimbwa kwenye vyumba vya mabati, iliimbwa kwenye baa ambazo hukuingia kwa kuwa ukumbi mwingine ulikuwa na mpira wa Uingereza. Hukusikia kwa sababu hukutaka kusikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu ulikuwa ukipiga kelele kupitia spika.

Kijana akinyimwa pa kupaza sauti hapoi. Hasira haiishi kwa kuwa gitaa limeuzwa. Inatafuta mlango mwingine, na milango iliyobaki mtaani unaijua: kuna chupa, kuna kamari ya kwenye simu, kuna genge, kuna mwanasiasa anayegawa mia tano mia tano kwa watakaomrushia mwenzake mawe. Yule mwanasiasa anayo bajeti ya vijana wetu. Sisi hatuna?

Amka basi, ndugu yangu. Wikendi hii pita mahali unaposikia magitaa, uingie. Lipa mlangoni. Usiombe kupita bure kwa kuwa unamfahamu mpiga besi. Kwa kuwa unamfahamu, lipa mara mbili. Nunua fulana yao. Kama una chumba kisichotumika, wape Jumamosi mbili kwa mwezi. Kama u mzazi, siku moja keti usikilize maneno ya mwanao kabla hujakimbilia maombi. Kama una kipindi redioni, wapigie wimbo mmoja mchana, watu wakiwa macho.

Na wewe mwenye baa: ilipe bendi kabla haijapanda jukwaani, wote wanne, na uwalipe pesa.