Kuruka Kichura na Ualimu wa Mazoezi

Msuli ulio mkubwa kupita yote katika mwili wa mwanadamu si wa mkono wala wa kifua, bali ni ule tunaoukalia. Ukitajwa darasani wanafunzi hucheka, na mwalimu naye, kwa kuona haya, husema "nyonga" na kuendelea mbele. Haya hiyo ina gharama yake. Kwa kuwa hatuutaji, hatuufundishi; na kwa kuwa hatuufundishi, kazi pekee ambayo baadhi ya shule huupatia ni adhabu ya kuruka kichura. Maoni yangu ni kwamba adhabu hiyo haina budi kukomeshwa, na mahali pake pawekwe mafunzo halisi ya kuimarisha misuli ya makalio.

Kila upande wa makalio una misuli mitatu iliyopandana. Ule mkubwa umeshikamana na nyuma ya fupanyonga na mwisho wa uti wa mgongo, ukateremka hadi kwenye fupa la paja. Kazi yake ni kuinyoosha nyonga iliyokunjika: kuinuka kitini, kupanda kilima, na hasa kukimbia. Katika kutembea mahali tambarare hufanya kazi kidogo mno. Mwanafunzi aweza kulithibitisha jambo hili mwenyewe: aweke kiganja juu ya kalio lake, atembee hatua kumi, kisha akimbie polepole. Atausikia ukikaza kila mguu unapokanyaga. Mnamo 2004 wataalamu Dennis Bramble na Daniel Lieberman waliuhesabu ukubwa wa msuli huu miongoni mwa dalili kwamba umbile la mwanadamu limechongwa na mbio za masafa marefu, kwani huuzuia mwili usianguke mbele. Basi mchakamchaka wa asubuhi si jambo geni kwa viungo vyetu.

Msuli wa kati, ulio ubavuni, hausifiwi sana, lakini kwa mwalimu wa michezo ndio wenye mafunzo mengi. Tusimamapo kwa mguu mmoja, msuli huo wa upande wa mguu uliokanyaga ndio uzuiao fupanyonga lisiinamie upande wa pili. Daktari Mjerumani, Friedrich Trendelenburg, alieleza dalili ya udhaifu wake mwaka 1895. Ukiwa dhaifu, mchezaji wa netiboli atuapo baada ya kuruka, huenda goti lake likalala kwa ndani, na hapo kano za goti huwa hatarini. Wasichana huumia hivyo zaidi kuliko wavulana katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla. Huko Norway, utafiti uliochapishwa 2008 juu ya wasichana wanasoka wa miaka 13 hadi 17 ulionyesha kwamba dakika 20 za kupasha mwili moto kwa mazoezi ya nguvu, mizani na kutua vizuri zilipunguza majeraha makali kwa karibu nusu.

Wapo walimu watakaosema kwamba kichura nacho hujenga nguvu. Ni kweli, kuruka si dhambi, wanariadha huruka. Tofauti ni kipimo na pumziko. Mwanariadha huruka mara chache, hupumzika, hurudia, na huacha umbo lake linapoharibika. Mwanafunzi aliyeadhibiwa huruka mpaka aanguke, na pengine hakuzoea kabisa. Seli za misuli zikizidishiwa hivyo huweza kupasuka, protini iitwayo mayoglobini ikamwagika katika damu na kuziumiza figo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi baada ya zoezi kali, huyo ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Hofu ya zamani kwamba mazoezi ya nguvu hudumaza watoto haina msingi, maadamu mzigo ni mdogo na msimamizi yupo. Kinachotakiwa si mashine. Mwanafunzi alale chali, akunje magoti, ainue nyonga na kuishusha taratibu. Apande benchi imara kwa mguu mmoja mmoja. Achuchumae na kuinuka, kwanza bila mzigo, kisha na kiroba kidogo cha mchanga kifuani. Mara mbili au tatu kwa juma zatosha, na siku ya mapumziko katikati, kwani msuli hujengeka wakati wa kupumzika. Mzigo uongezwe pale tu umbo linapokuwa safi. Na aliyeongeza wiki hii si lazima aongeze wiki ijayo.

Wengine watajitetea kwamba hawakusomea ukocha. Colm O'Connell alifika Iten, Kenya, 1976 kufundisha jiografia, hali hakusomea ukocha. Mmoja wa aliowafunza, David Rudisha, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London 2012.

Limebaki moja, ambalo kwa misuli hii lina uzito wa pekee. Mwalimu asimsahihishe mwanafunzi kwa kumshika nyonga. Aonyeshe kwa mwili wake, aseme kwa maneno mepesi, au amwambie mwanafunzi ajiwekee mkono wake mwenyewe kama katika lile jaribio la kutembea. Na mazoezi yafanyike uwanjani, mbele ya wote, si katika chumba cha vifaa.