Swali Linaanzia kwa Nani?

Mwaka 2001 Vikram Patel na Athula Sumathipala walichapisha hesabu ya makala katika majarida sita makubwa ya magonjwa ya akili. Asilimia 6 tu zilitoka sehemu za dunia zenye zaidi ya asilimia 90 ya watu wote. Tangu hapo lawama nyingi zimewaendea wahariri wa Ulaya na Marekani, na ada za uchapishaji, na si bure: mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja itakayosomwa bila malipo. Hata hivyo, nashikilia kwamba tunagombana na mlango wa mwisho. Pengo huanza mapema zaidi, pale panapoamuliwa ni swali lipi lichunguzwe na nani atamlipa mtafiti mshahara ufadhili ukiisha.

Tazama Butajira, eneo la wakulima kusini mwa Addis Ababa. Watafiti wa Ethiopia na wenzao wa nje waliwasaili watu zaidi ya 68,000 ili kuwatambua wenye maradhi makali ya akili, kisha wakawafuatilia kwa miaka kumi. Waligundua kuwa wagonjwa hao walipoteza takriban miongo mitatu ya maisha wakilinganishwa na majirani zao, na maradhi ya kuambukiza yalikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa. Matokeo hayo yalitikisa imani iliyokuwa imeenea duniani tangu tafiti za Shirika la Afya Duniani, zilizohusisha Ibadan na Agra, kwamba mgonjwa wa skizofrenia katika nchi maskini hupata nafuu zaidi kuliko wa nchi tajiri. Ufadhili wa miaka mitatu hauwezi kuzaa ugunduzi kama huo. Ugunduzi wa aina hiyo unahitaji watu wanaobaki palepale, wanaojua mgonjwa amehamia kijiji gani na nani wa kumuuliza.

Kuna wanaosema majarida makubwa huchagua ubora tu, na kazi nzuri itapenya. Ni kweli hupenya. Nje ya kliniki za Harare kuna benchi la mbao ambapo bibi aliyefunzwa huketi na mgonjwa, akianza na maswali 14 ya Kishona kuhusu usingizi, mawazo na machozi. Jaribio la huduma hiyo ya benchi, lenye wagonjwa 573 katika kliniki 24, lilichapishwa na JAMA mwaka 2016. Lakini kazi ilianza 2006, na wangapi wanaweza kuvumilia muongo mzima? Tena alama ya jarida hupimwa kwa mara ambazo makala zake za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa. Penye watafiti wachache, wanukuzi ni wachache, hivyo utafiti wa kwetu huonekana mwepesi hata ukiwa mzito kwa wagonjwa. Hicho ni kipimo cha wingi wa wasomaji wenye vyeo, na ni makosa kukiita ubora.

Wapo pia wanaouliza kwa nini serikali yenye malaria na vifo vya wajawazito igharimie utafiti wa akili. Butajira imekwisha kuwajibu: mgonjwa wa akili anakufa kwa maradhi yaleyale tunayodai kuyapa kipaumbele. Na kutegemea wageni kuna gharama yake. Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilisitisha utoaji wa fedha mpya zinazopitia taasisi za nchi hiyo kwenda kwa washirika wa nje, hadi utaratibu mwingine uundwe. Tangazo moja lilitosha kuwatia mashakani watafiti wa bara zima, na hawakuwa na pa kukatia rufaa. Mwaka 2006 mjini Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika ziliazimia kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Nyingi hazijafika hata nusu yake. Fedha hizo zikipatikana, zianzie kwenye mishahara ya kudumu ya watafiti na wauguzi wa vyuo vikuu kama Muhimbili, Makerere na Moi, kabla ya majengo, kabla ya makongamano, na kabla ya kulipia ada ya jarida lolote.