Kartie nzuri haichaguliwi, inajengwa

Wandugu vijana wa Bunia, wakaaji wa Mbunya, Nyakasanza na Shari,

Kila mara tukilalamika juu ya nyumba, kuna mukubwa mmoja anatujibu: "Ninyi vijana hamujui kuchagua. Tafuteni kartie ya utulivu, yenye masomo ya watoto, karibu na kazi, mukae." Wazazi wanaisema kwenye vikao vya mahari. Viongozi wanaisema kwenye redio. Ni mashauri mazuri. Shida ni kwamba yanatolewa kama vile kartie za namna hiyo zimepangwa Bunia kama nyanya sokoni, na sisi njo tunashindwa kunyoosha mkono.

Tuseme wazi. Hapa kwetu familia changa haichague kartie. Bei njo inachagua, usalama njo unachagua, na mara mingi kabila njo linachagua. Sisi tunabeba tu godoro na kufuata.

Tuanze na bei. Kazi ya Bunia iko sehemu moja: soko kuu, Boulevard de la Libération, ofisi za serikali, benki, mashirika. Anayetaka kukaa pale karibu anapambana na watu wengi. Tangu vita ilirudi Djugu mwishoni mwa 2017, maelfu ya watu walikimbilia mjini. Wengine wako kwenye kambi kama Kigonze, wengine wamejaa kwa ndugu zao, wengine wanapanga nyumba kama sisi. Hatuwalaumu hata kidogo, kwa sababu hakuna anayeacha shamba lake kwa kupenda. Lakini watu waliongezeka, na nyumba hazikuongezeka kwa mwendo ule. Basi mwenye nyumba anasema: garanti ya miezi 6. Mwingine anasema 10. Na unalipa, kwa sababu nyuma yako kuna wengine wanangoja mulangoni.

Sasa musikie vizuri. Nchi hii iko na sheria ya nyumba za kupanga: Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015. Inasema garanti ya nyumba ya kukaa haipite miezi 3. Mitatu! Kama nyumba ni dola 50 kwa mwezi, garanti yake ni dola 150, hapana 300, hapana 500. Na garanti si zawadi ya mwenye nyumba. Ni feza ya mupangaji, anarudishiwa akitoka kama hakuharibu kitu wala kuacha deni. Ni wangapi kati yetu walisikia jambo hili kwa shefu wa kartie? Ni ofisi gani ya komine imelibandika ukutani? Sheria imefikisha zaidi ya miaka kumi na bado inaishi kama siri.

Basi tunakimbia bei, tunaenda pembeni. Kule nyumba ni rahisi. Lakini pigeni hesabu na sisi. Tuseme taksi-moto ni franka 2 000 kwenda na 2 000 kurudi. Siku 26 za kazi ni franka 104 000. Kila mmoja aweke bei ya kwake, mvua ikinyesha aongeze. Ongeza tena mutoto. Elimu ya msingi katika masomo ya serikali ni ya bure kwa Katiba, na tangu 2019 serikali ilianza kuitekeleza. Lakini kama kartie yako haina masomo ya serikali, utalipa ya binafsi, ao utalipa moto kila asubuhi, ao utamwacha mutoto wa miaka saba apite peke yake kwenye barabara ya vumbi ambako magari na moto zinapishana bila sheria. Ile feza uliyoponya kwa mwenye nyumba, motari na masomo wanaikula yote. Na mama wa nyumba anaamkaka saa kumi ya usiku kufuata maji na bidoni.

Kuna wanaotucheka: "Hamuna kazi, sasa karibu na kazi ni karibu na nini?" Tunawajibu. Ni kweli, wengi wetu tuko na diploma kwenye malapa na hatuna mushahara. Lakini asiye na kazi njo anahitaji zaidi kukaa karibu nayo. Tangazo la kazi linabandikwa leo, dosye inaisha kupokelewa kesho. Kibarua kinaitwa kwa simu: "Uko wapi? Kuja sasa hivi." Ukijibu kwamba uko mwisho wa mji na moto haionekane, wanaita mwingine. Umaskini unakusukuma mbali, na ule umbali unakuzuia kutoka kwenye umaskini.

Bado hatujafika kwa jambo lenye kutuogopesha zaidi.

Wakati serikali haipangi mji, watu wanajipanga wenyewe. Wanajipangaka namna gani? Kwa woga. Ukienda kutafuta nyumba Bunia, swali la kwanza si maji, si masomo. Ni hili: "Kule wanakaa watu gani?" Mama mukwe analiuliza kwa sauti ya chini. Rafiki analiuliza. Na sisi wenyewe, wenye kusoma, tunaliuliza. Mutu anaacha nyumba nzuri, hatua chache kutoka kazini, juu ya lugha ya jirani.

Tunajua njia hiyo inapelekaka wapi. Mwaka 2003, mwezi wa tano, jeshi la Uganda liliondoka Bunia, na wanamgambo wakapigania mji huu kartie kwa kartie. Jina la kabila lako njo lilisema barabara gani unaweza kupita na ipi utafia. Watu kwa maelfu walikimbilia kwenye kambi ya MONUC na kandokando ya uwanja wa ndege. Ilihitaji Umoja wa Mataifa upitishe azimio 1484 na askari wa kigeni wa Operesheni Artémis waje ili mji upumue. Sisi wengi tulikuwa watoto wachanga, wengine walikuwa bado mgongoni. Wazazi wetu wanakumbuka yote. Kila familia inayohama leo kwenda "kwa watu wake" inatafuta usalama, hatuwezi kuihukumu. Lakini mji ambao kila kabila liko na kona yake ni mji uliogawanyika mbele ya risasi ya kwanza. Mutoto aliyecheza mupira na mutoto wa jirani wa kabila lingine, ni vigumu kumwambia kesho kwamba yule ni adui. Kartie yenye kuchanganyika ni ulinzi ambao hakuna jeshi linaweza kutuletea.

Wengine watasema: "Watu wanauawa Djugu na Irumu, ninyi munaongea nyumba?" Ndiyo, tunaongea nyumba. Vita njo inajaza mji, vita njo inapandisha bei, vita njo inatufanya tuulize kabila la jirani. Na tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 tuko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, "état de siège", ambayo iliweka mkoa mikononi mwa wanajeshi na mji mikononi mwa polisi. Walituambia ni kwa ajili ya usalama. Sawa. Usalama unaanza kwenye njia ambayo mama anapita mangaribi akitoka sokoni kurudi kwake.

Tena hatupigane na wenye nyumba. Tunajua kuna wajane wanaokula kwa kodi ya chumba kimoja, na kodi yao ilipwe kila mwezi. Lakini mujane yule pia, mutoto wake atapanga nyumba siku moja. Sheria ya miezi 3 itamulinda.

Katiba ya 2006 haikutuahidi kubahatisha. Kifungu cha 30 kinampa kila mutu haki ya kukaa mahali anachagua ndani ya nchi. Kifungu cha 48 kinasema nyumba ya heshima, maji safi na umeme ni haki. Basi tunaomba mambo manne, na hatutachoka kuyaomba:

1. Meri na wakubwa wa komine watangaze sheria ya garanti ya miezi 3 kwenye redio za mji, kwa Kiswahili, na kuibandika kwenye kila ofisi ya kartie. Anayeomba zaidi aitwe.

2. Ofisi ya urbanisme na kadastre wasikubali kugawa parseli mupya mbele ya kuacha uwanja wa masomo, wa kituo cha afya, wa maji na wa barabara. Ramani ionyeshwe kwa wakaaji. Uwanja wa masomo ukiuzwa, aliyeuza na aliyetia sahihi wote wajibu mbele ya sheria.

3. Patrouille na taa ziwe kwenye njia za kutoka mjini kwenda kartie za pembeni, saa watu wanarudi kazini, hapana tu mbele ya ofisi za wakubwa.

4. Anayemnyima mutu nyumba ao parseli juu ya kabila lake aitwe mbele ya sheria, hata kama ni shefu.

Na sisi vijana, tuko na kazi yetu. Mbele ya kulipa, uliza: maji yako wapi, masomo yako wapi, moto ni bei gani asubuhi na usiku, mvua ikinyesha njia inapitika, kituo cha afya kiko umbali gani. Usilipe bila mukataba ulioandikwa na risiti. Uliza mambo haya matano, halafu lile swali la "watu gani" uliache. Jirani wa kabila lingine akihamia, musaidie kubeba vitu.

Jumamosi hii, kisha salongo, muende watano watano kwenye ofisi ya kartie yenu. Musiende na fujo. Muende na swali moja: "Shefu, garanti ya nyumba ni miezi mingapi kwa sheria?" Akijibu mitatu, mumuombe aiandike ukutani. Akisema hajui, mumuachie namba ya sheria: 15/025. Na Jumamosi itakayofuata, murudi kuangalia ukuta.