Asiye na Mkataba Asitumwe Darasani

Chuo kikuu kinachomtuma mwanafunzi wa uzamili kufundisha, kusahihisha mitihani, kusimamia maabara au kukesha wodini, bila kumpa karatasi inayotaja saa zake, malipo yake na mtu wa kuwajibika kwake, kinafanya dhuluma. Hatuna neno jepesi zaidi. Jambo hili limezoeleka hata wanaolitenda huliona ni sehemu ya masomo, na wanaotendewa hunyamaza wakisubiri siku ya kuvaa joho. Gazeti hili linasema sasa basi.

Tunaanza na Jinja na Mbale kwa sababu elimu ya juu imeota mizizi hapa. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifungua milango Mbale, pale Nkoma, Februari 1988, kikiwa chuo kikuu cha kwanza nchini kisicho cha serikali. Chuo Kikuu cha Busitema kilianzishwa mwaka 2007, na mwaka 2013 kitivo chake cha sayansi za afya kikaanza kupokea wanafunzi mjini Mbale, ambako hospitali ya rufaa ndiyo darasa lake kubwa. Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere ina matawi katika miji yote miwili. Jinja kuna taasisi ya taifa ya utafiti wa samaki, iliyoanzishwa mwaka 1947 kuhudumia Afrika Mashariki nzima, na wanafunzi wa uzamili wengi wamepata data zao katika maji ya Ziwa Victoria. Wazazi wetu waliijua miji hii kwa viwanda na kahawa. Leo inaishi pia kwa ada, kwa kodi za vyumba vya wanafunzi na kwa vibanda vya fotokopi.

Hatukinyoshei kidole chuo kimoja. Hukumu hii inamhusu kila mkuu wa chuo ambaye wanafunzi wake wa uzamili wanaotumika kama wasaidizi hawana mkataba, na yule aliyekwisha kuwapa mikataba hana la kuogopa hapa.

Yeyote aliyesoma katika vyuo vyetu anamfahamu msaidizi tunayemsema. Jumatatu asubuhi mhadhiri ana kikao Kampala. Msaidizi anapigiwa simu, anakabidhiwa kalamu ya ubao na orodha ya mahudhurio, na kufikia saa nne amesimama mbele ya darasa la mwaka wa kwanza akifundisha mada aliyoisoma jana yake usiku. Ijumaa anabeba mafungu ya karatasi za jaribio, yamefungwa kwa kamba, hadi chumba alichopanga. Anasahihisha hadi umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, unapokatika, anaendelea kwa tochi ya simu. Alama anazotoa zinaingia kwenye kumbukumbu za chuo chini ya jina la mhadhiri. Muhula ukiisha anajaza fomu ya madai. Fomu inahitaji saini ya mkuu wa idara, na mkuu wa idara huyo ndiye msimamizi wa tasnifu yake. Anaipeleka mara ya kwanza, anaambiwa bajeti haijatoka. Anaipeleka mara ya pili, anaambiwa fomu imebadilika. Mara ya tatu haipeleki, maana sura ya pili ya tasnifu yake bado iko mezani kwa mtu yule yule.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba mkataba wa kazi unaweza kuwa wa mdomo au wa maandishi, wa kutamkwa au wa kueleweka kutokana na vitendo, na inajumuisha mkataba wa anayejifunza kazi. Kwa hiyo kusema "huyu ni mwanafunzi, anajifunza tu" hakumwondoi mtu chini ya sheria hiyo. Inamtaka pia mwajiri ampe mfanyakazi masharti yake kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu aanze kazi. Kanuni za mwaka 2011 zikaongeza kwamba mtu asiwekwe kuwa kibarua kwa zaidi ya miezi minne; baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Muhula wa chuo unakaribia miezi minne. Msaidizi aliyefundisha mihula miwili mfululizo kwa makubaliano ya simu amekwisha kuvuka mpaka huo, na aliyemtuma amekwisha kukosea. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 40, inataja malipo sawa kwa kazi sawa na haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Hakuna mstari unaosema haki hizo zinasimama kwenye lango la chuo kikuu.

Mambo ni mazito zaidi hospitalini, na hapa tunaomba msomaji avumilie, kwa kuwa ndipo mwanafunzi na mgonjwa wanapoumia pamoja.

Daktari anayerudi chuoni kusomea ubingwa, iwe wa watoto, upasuaji au magonjwa ya wanawake, anaandikishwa kama mwanafunzi wa uzamili. Anadaiwa ada. Wakati huo huo ndiye anayepokea wagonjwa usiku, anayeamua nani aingie chumba cha upasuaji kwanza, anayewaelekeza madaktari wa mafunzo ya vitendo na kusaini faili. Hospitali ya Rufaa ya Mbale inahudumia Bugisu, Bukedi na Sebei, na mama aliyeletwa kwa bodaboda kutoka mlimani saa nane za usiku haulizi aliyemshika mkono amelipa ada au la. Kwake huyo ni daktari. Kwa miaka mingi madaktari hawa nchini Uganda wameidai serikali posho, na zaidi ya mara moja wameweka chini vifaa vyao, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kwingineko. Jibu wanalopewa halibadiliki sana: nyinyi ni wanafunzi. Lakini wakigoma, wodi zinakwama, wagonjwa wanarudishwa na upasuaji unaahirishwa. Mwanafunzi akikosa darasa anayeathirika ni yeye mwenyewe. Hawa wakikosekana hospitali nzima inasimama, na hilo pekee linatosha kuonyesha kwamba wanachofanya ni kazi.

Madaktari wa mafunzo ya vitendo walio chini yao wameonja aina nyingine ya msukosuko. Waliahidiwa shilingi milioni 2.5 kwa mwezi, na mwaka 2023 kiwango kikateremshwa hadi milioni 1. Malipo yanayotegemea agizo la mkubwa hupanda na kushuka na agizo hilo. Ni kwa sababu hii tunasisitiza maandishi yenye nguvu ya sheria. Ahadi za jukwaani hazimlindi mtu.

Jirani zetu wa Kenya waliliona hili mwaka 2024. Serikali ilipotaka kuwalipa madaktari wa mafunzo shilingi 70,000 za Kenya badala ya 206,400, chama cha madaktari kilikuwa na karatasi ya kushika: makubaliano ya pamoja yaliyotiwa saini mwaka 2017. Mgomo ulidumu siku 56, kuanzia Machi hadi Mei. Wagonjwa waliteseka, na hatuusifu mgomo. Lakini madaktari wale walikuwa na tarakimu iliyoandikwa na kusainiwa ya kuitetea. Wetu wanatetea kumbukumbu ya mazungumzo.

Tanzania nayo ina funzo lake. Katika vyuo vikuu vya umma huko, mkufunzi msaidizi ni ngazi ya ajira. Anaomba nafasi iliyotangazwa, anashindanishwa kwa ufaulu, analipwa mshahara, na anasoma uzamili akiwa mtumishi wa chuo. Si kila aliye na sifa anapata nafasi, na malalamiko hayakosekani. Hata hivyo aliyeipata anajua ngazi yake, mkuu wake na hatua inayofuata. Nchini Marekani, ambako wasaidizi wa aina hii ni maelfu kwa maelfu, bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi iliamua Agosti 2016, katika shauri la Chuo Kikuu cha Columbia, kwamba mwanafunzi anayefundisha au kufanya utafiti kwa malipo chini ya uelekezi wa chuo anaweza kuwa mwanafunzi na mwajiriwa kwa wakati mmoja. Bodi hiyo hiyo ilikuwa imesema kinyume mwaka 2004. Ilibadili msimamo baada ya kuitazama kazi yenyewe. Ni uamuzi wa nchi nyingine, haufungi mahakama zetu, lakini mantiki yake inafaa kabisa wodini Mbale na maabarani Jinja.

Tunajua jibu litakaloletwa: fedha hazipo. Tunalipokea kwa uzito, kwa kuwa ni kweli vyuo vya mashariki havina mifuko minene na vingi vinategemea ada. Lakini serikali ilipokubali kuinua mishahara ya vyuo vya umma, ikapangwa profesa afikie shilingi milioni 15 kwa mwezi, na fedha zikatafutwa. Hatuupingi mshahara huo, profesa anaustahili. Tunachosema ni kwamba hoja ya ukata haiwezi kuanzia na kuishia kwa mnyonge wa mwisho kwenye orodha. Na ikiwa chuo kweli hakina fedha taslimu, kina ada. Kimpunguzie msaidizi ada kwa kiasi cha saa alizofanya, kiandike kiasi hicho, mhasibu akiweke kwenye akaunti ya mwanafunzi, na pande zote mbili zisaini. Mikopo ya wanafunzi ya serikali, iliyoanzishwa mwaka 2014, inawaendea wanafunzi wa shahada ya kwanza na stashahada, kwa hiyo mwanafunzi wa uzamili hana pengine pa kukimbilia. Msamaha wa ada unaojulikana mapema ungemwezesha amalize tasnifu kwa wakati.

Kuna hasara ambayo wakuu wa vyuo hawaihesabu. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu linataka wahadhiri wenye shahada ya uzamivu, na vyuo vinalia kwamba hawatoshi. Watatoka wapi, ikiwa yule anayetegemewa kuwa mhadhiri wa kesho anatumia miaka yake kusahihisha karatasi za watu wengine? Tasnifu inachelewa, mhadhiri mpya hapatikani, pengo linazibwa na msaidizi mwingine, naye tasnifu yake inachelewa. Chuo kinajila chenyewe.

Neno moja kuhusu utafiti. Hakuna utafiti unaohusu binadamu unaoruhusiwa kuanza nchini Uganda bila kibali cha kamati ya maadili na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ombi la kibali hueleza hata mshiriki atarudishiwa nauli kiasi gani. Ni utaratibu mzuri, na umeipa Mbale heshima: hospitali yetu ilikuwa miongoni mwa sita za Uganda, Kenya na Tanzania zilizoshiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2011, ukihusisha watoto zaidi ya 3,000, ulioonyesha kwamba kumwongezea maji ya mshipa kwa haraka mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko kuliongeza vifo. Dunia ilibidi ifikiri upya. Basi fomu inayoeleza nauli ya mshiriki ishindweje kueleza posho ya mwanafunzi anayemhoji mshiriki huyo, anayejaza dodoso na kubeba sampuli? Kamati za maadili ziitake safu hiyo kwenye kila bajeti, na zirudishe ombi lisilo nayo.

Tumelibakiza jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Mtu mmoja anapokuwa na mamlaka juu ya tasnifu ya mwanafunzi, juu ya saa zake za kazi na juu ya saini ya malipo yake, amepewa nguvu ambayo binadamu hapaswi kuwa nayo juu ya binadamu mwenzake. Wengi hawaitumii vibaya. Anayetaka kuitumia vibaya hakuna wa kumzuia, na wanaoumia zaidi ni wasichana. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 kuweka hatua za kuzuia unyanyasaji wa kijinsia kazini. Msaidizi asiyetambuliwa kuwa mfanyakazi atapeleka lalamiko lake mlango gani?

Kwa hiyo tunadai. Kila chuo chenye wanafunzi wa uzamili Jinja na Mbale kitoe sera yake hadharani kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza Agosti, ibandikwe ubaoni kila idara. Mkataba utaje kazi, saa za juma, kiwango na tarehe ya malipo. Saa zisizidi 20 kwa juma, kiwango ambacho vyuo vingi vya Marekani vimekizoea. Anayesimamia tasnifu asiwe ndiye anayeidhinisha malipo. Saini hiyo ihamie kwa ofisi ya masomo ya uzamili. Kwa madaktari wanaosomea ubingwa, Wizara ya Afya na Wizara ya Elimu ziache kurushiana mzigo, zikae meza moja na kutaja nani analipa, shilingi ngapi, kutoka fungu lipi. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu liifanye mikataba hii kuwa sharti la kuidhinisha programu ya uzamili, na wakaguzi wake wakifika wawahoji wasaidizi bila wakuu wao kuwapo.

Na malimbikizo yaliyopo yalipwe kwanza. Fomu zilizokwama kwenye madroo ya wakuu wa idara zitolewe, zihesabiwe, na wenye nazo waitwe, wakiwemo waliohitimu na kuondoka. Chuo kisichoweza kuonyesha kuwa kimelipa madai hayo kisipewe kibali cha kusajili mwanafunzi mpya hata mmoja wa uzamili.