Hesabu Kubwa Isitutishe

Twasikia mara nyingi watu wakisema: "Hesabu za mabilioni ni za wenye shahada, sisi wa kando ya ziwa yatutosha kuhesabu samaki." Neno hilo twalikataa kabisa.

Tulitazame daraja la kutoka Kigongo hadi Busisi, pale tulipokuwa tukingojea kivuko. Lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Urefu wake ni mita 3,000, na gharama yake yatajwa kuwa shilingi bilioni 718. Bilioni ni milioni elfu. Basi twaandika 718,000,000,000. Mtu akihesabu shilingi moja kila sekunde, usiku na mchana pasipo kupumzika, atahitaji zaidi ya miaka 22,000. Ni hesabu kubwa kweli. Lakini je, yatushinda?

Kwanza, zile sufuri tisa za mwisho zatuambia kwamba hesabu hii ni ya kukadiria. Malipo halisi ya saruji, vyuma na mishahara si rahisi yaishie hivyo.

Pili, je, yagawanyika kwa tatu? Hatuna haja ya kugawanya. Tujumlishe tarakimu: 7 na 1 na 8 ni 16. Kumi na sita haigawanyiki kwa tatu, basi na hesabu nzima haigawanyiki. Huo si uchawi. Kumi ni 9 na 1. Mia ni 99 na 1. Elfu ni 999 na 1. Kila moja ikigawanywa kwa tatu, au kwa tisa, husalia moja. Kwa hiyo tarakimu zenyewe zatosha kutuonyesha masalio. Ndiyo maana tukizigawa shilingi hizo kwa mita 3,000, kila mita yapata 239,333,333, na shilingi 1,000 zasalia.

Wengine watauliza, "Yafaa nini?" Yafaa sana. Karani akiandika 781 badala ya 718, jumla ya tarakimu ni 16 ile ile, wala kipimo chetu hakitamkamata. Lakini tofauti ya hesabu hizo mbili ni 63, yaani tisa mara saba. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, siku zote tofauti hugawanyika kwa tisa. Basi daftari la chama cha wavuvi lisipolingana na fedha za sandukuni, na pengo likigawanyika kwa tisa, tutafute kwanza tarakimu zilizopishana, kabla ya kumwita mweka hazina mwizi.

Twawalaumu wale wawafundishao watoto kuimba hesabu kama kasuku pasipo kuwaonyesha sababu. Watoto hao wakikua, husomewa mapato na matumizi ya kijiji wakaitikia "Sawa!" kabla ya kuandika hata tarakimu moja. Asiyejua kuipima hesabu hawezi kumkamata mdanganyifu, wala hawezi kumtetea mwaminifu. Basi aendaye mkutanoni na achukue penseli.